Niweke rehani nyumba ya Katuba ili nirudishe msitu?

Papa Mshauri, jambo yako.

Naandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Bwana wangu ni fundi mitambo wa kampuni ndogo inayochukua kazi za migodini. Mkataba ukiisha anakaa nyumbani hata miezi mitatu akingoja mwingine, na hapo bukari (ugali) ya watoto inatoka mikononi mwangu. Nauza asali.

Marehemu baba mkwe alituachia shamba la hekta 40 upande wa barabara ya Kasenga. Alipewa na shefu wa kijiji miaka mingi iliyopita, mbele ya wazee, na kila mwaka tunampelekea shefu zawadi yake bila kukosa. Karatasi tuliyo nayo ni moja tu, imeandikwa kwa mkono, na muhuri wake ni wa shefu ambaye naye amekwisha kufariki. Zamani pale palikuwa msitu mzima. Tulipokuwa msibani wachoma makala (makaa ya miti) wakaingia, na hawakutoka mpaka karibu nusu ya shamba ikabaki visiki na majani marefu. Kando ya barabara kuna hekta tatu hivi zilizolimwa mahindi hadi udongo ukachoka. Upande wa mto ndiko kumebaki miti mikubwa ya muputu na mutondo, na huko nimetundika mizinga yangu 22. Msimu uliopita nilivuna kilo 180, nikaziuza zote kwa dola 5 kilo, sehemu kwa majirani, sehemu kwa mama mwenye duka mjini. Huyo mama ameniambia nikiwa na nyingine atachukua.

Papa, mimi nataka msitu ule urudi, na nataka unilishe. Nimepiga hesabu ya mizinga 100 mipya, miche 20,000 ya akasia ya kupanda kwenye visiki, na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea asali. Inafika dola 8,000. Nyumba moja ya mikopo imekubali kunipa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, nilipe kwa miezi 18. Shamba wamelikataa kama dhamana. Wanataka parseli yetu ya Katuba, ambayo ndiyo nyumba tunayolala.

Wakati ninawaza hilo, alikuja bwana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye tableti na picha za satelaiti. Anasema msitu wetu una kaboni, na Wazungu wanainunua. Tutie sahihi mkataba wa miaka 40, tumpe dola 250 za kuandikisha, halafu pesa itaanza kuingia kila mwaka. Hakutaja kiasi.

Shemeji yangu, mdogo wa bwana wangu, anatucheka wote wawili. Yeye anasema mtaji uko umesimama pale mtoni: tukate ile miti mikubwa, tuchome makala, magunia tuyauze, na pesa hiyo ndiyo inunue mizinga. Bwana wangu hajasema ndiyo wala hapana. Shamba ni la baba yao, mimi ni mke tu.

Redioni nasikia dunia imetenga mabilioni kwa ajili ya kulinda msitu. Hayo mabilioni yanapita wapi, hata nisiyaone kwenye barabara ya Kasenga? Na kati ya hao watatu, nimfuate nani?

Mama Asali, Katuba

*

Mama Asali, jambo sana.

Nyumba ya Katuba usiiweke rehani. Mkataba wa miaka 40 usiutie sahihi, na zile dola 250 zibaki kwako. Shemeji yako ana neno moja la kweli ndani ya maneno yake, nitalifikia. Kazi unayotaka kuifanya ni nzuri na inawezekana, ila pesa uliyoonyeshwa siyo pesa yake.

Tuanze na mkopo, maana ndio ulio karibu kukuumiza. Riba ya asilimia 3 juu ya dola 8,000 ni dola 240 kila mwezi, na haipungui hata ukiwa umebakiza kidogo, kwa sababu inahesabiwa kwenye kiasi cha mwanzo. Ongeza sehemu ya deni lenyewe, unapata karibu dola 684 kwa mwezi. Kwa miezi 18 utakuwa umerudisha dola 12,320. Sasa chukua mizinga yako 22, iliyokupa kilo 180, yaani kama kilo 8 kwa mzinga. Tuseme mizinga yote 100 mipya inaingia nyuki msimu wa kwanza, jambo ambalo mfuga nyuki yeyote atakwambia ni bahati kubwa. Tuseme tena asali yote inapata mnunuzi kwa bei ileile. Mizinga 122 inakupa kama tani moja, dola 5,000 kwa mwaka. Marejesho ya mwaka yanapita dola 8,200. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, huwezi kulipa. Na deni hilo linaanza kudai mwezi wa kwanza, wakati mizinga mipya bado mitupu na akasia hazijafika magotini.

Hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, mama, kwa sababu jambo hili limeangusha watu wengi wenye nia njema kama yako. Kila pesa ina mwendo wake, na kila kitu unachokinunua kina mwendo wake. Asali hurudi kwa msimu, uyoga hurudi na mvua, mti hurudi kwa miaka kumi, kumi na tano, ishirini. Pesa ya nyumba ya mikopo ni kama mtoto mchanga, kila mwezi lazima alie apewe. Ukiitumia kununua kitu cha msimu, kwa kiasi kidogo, mtaelewana. Ukiinunulia miti, italia mpaka iimeze nyumba. Mti unataka pesa inayoweza kukaa kimya: ruzuku, hisa ya mshirika, akiba yako mwenyewe, au kutotumia pesa kabisa.

Na kwenye visiki vyako, mama, hiyo ya mwisho inawezekana. Miche 20,000 huihitaji.

Msitu wa miombo, huu wetu wa muputu, mutondo, musuku na mupapa, haufi unapokatwa. Mizizi inabaki hai chini, na kisiki kinatoa machipukizi mvua ya kwanza tu. Nenda shambani, pasua yale majani marefu, utayaona, mengine yamefika kiunoni. Kinachoyazuia kuwa miti ni moto. Moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu kabisa, unapita juu ya machipukizi na kuyarudisha ardhini kila mwaka, hadi siku moja kisiki kinachoka. Ng'ambo ya mpaka, kule Ndola, watafiti walianza jaribio katika miaka ya 1930: sehemu moja ikachomwa mapema kila mwaka, nyingine ikachomwa mwishoni mwa kiangazi, nyingine haikuguswa na moto. Baada ya miaka mingi sehemu ya moto wa mwisho ilikuwa imegeuka uwanda wa majani. Ile ya moto wa mapema ilibaki na miti yake, na ile isiyochomwa ilifunga ikawa msitu mnene. Tabia ya nchi ni ileile, na miti ni ndugu za miti yako.

Kwa hiyo gharama ya kurudisha hekta zako za visiki ni hii: ukanda wa kuzuia moto unaolimwa kuzunguka shamba mvua zikiisha, moto mdogo wa mapema Mei au Juni, majani yakiwa bado na ubichi, kwenye kingo zinazotazama njia ya wawindaji, na mtu anayelala kule kuanzia Agosti hadi mvua ianze. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine punguza. Ni jembe, panga na posho ya mlinzi. Wala usiung'oe msitu unaojirudia ili upande akasia. Uyoga wa kwetu, ule mama zetu wanaoupanga kando ya barabara kuanzia mvua za Novemba na Desemba, unaishi kwa kushikana na mizizi ya muputu, mutondo na musuku. Kwenye akasia hutaupata. Nyuki wako pia wanaitegemea hiyo miti: muputu unatoa maua kabla ya mvua, mutondo mvua zinapokaribia kwisha, ndiyo sababu hapa kwetu asali ina majira mawili.

Akasia ina mahali pake, na kwako ni zile hekta tatu za mahindi yaliyochoka. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa, zimepandwa hekta 8,000 hivi za akasia, na kila familia ikagawiwa hekta 25. Wanapanda mahindi na mihogo katikati ya miche mpaka kivuli kifunge, kisha miti inakua, na baada ya miaka kama kumi inakatwa kwa makala, halafu mzunguko unaanza upya. Asali pia wanavuna. Lakini angalia ni nani alilipia upandaji ule: pesa za Ulaya, za ruzuku, zilizoweza kungoja. Hakuna mkulima wa Mampu aliyeanza kwa mkopo wa miezi 18. Kwa hekta zako tatu, miche kama 2,500 inatosha, na kitalu unaweza kukiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba.

Bwana wa tableti. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti inaivuta na kuitunza, ipo, sitaki uondoke hapa ukidhani ni hadithi tu. Jimbo la Mai-Ndombe lilipata mkataba na mfuko wa Benki ya Dunia mwaka 2018, hadi dola milioni 55 kwa tani milioni 11, yaani dola 5 kwa tani. Lakini lile ni jimbo zima, na malipo yanakuja baada ya kupima matokeo. Wewe una hekta 40. Tuseme miombo inayokua inakusanya tani mbili au tatu za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka. Hata ukihesabu shamba lote kwa tani tatu, ni tani 120, na kwa bei ya Mai-Ndombe ni dola 600 kwa mwaka, kabla hujamlipa mpimaji, mkaguzi wa nje na huyo bwana mwenyewe. Ukaguzi mmoja tu unaweza kuzimeza zote. Ndiyo maana miradi ya kweli hukusanya mamia ya wakulima au vijiji vizima pamoja, na gharama za kuandikisha hubebwa na mwenye mradi. Anayekuomba wewe dola 250 hajaja kununua, amekuja kuuza.

Tena sheria ya misitu ya mwaka 2002 inasema msitu ni mali ya Serikali, na mradi wa kaboni lazima uidhinishwe na wizara inayosimamia mazingira. Akirudi, mwombe barua ya idhini yenye namba, jina la kiwango cha kimataifa anachofuata, na mgawanyo wa mapato kwa maandishi. Akikosa kimoja, mpe maji ya kunywa aende zake. Na miaka 40, mama! Watoto wako watakuwa na wajukuu. Usiwafunge kwa karatasi ambayo haitaji hata kiasi.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo mzizi wa yote. Kwa nini nyumba ya mikopo ilikataa hekta 40 ikataka parseli ndogo ya Katuba? Kwa sababu Katuba ina karatasi. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ya Kongo ni ya Serikali, na mwananchi anapata haki ya kuitumia kwa cheti cha uandikishaji. Neno la shefu lina uzito kijijini, na lazima uliheshimu, lakini benki hailikopeshi, na mwenye fedha yoyote ya mazingira atakuuliza swali lilelile: miti hii ikikua, ni ya nani?

Anza na familia. Shamba ni la urithi, na shemeji yako ni mrithi kama bwana wako. Iteni kikao cha ukoo, andikeni nani ana sehemu gani, msitu wa mto utatunzwaje, na wewe kama mwendesha biashara unapata nini kwa jasho lako. Kila mtu atie sahihi, mashahidi pia. Usiseme wewe ni mke tu. Asali ni yako, ujuzi ni wako, na hilo liandikwe. Kisha nendeni pamoja kwa shefu wa sasa, awape hati mpya mbele ya wazee na majirani wa mipaka. Halafu ofisi ya ardhi na kadasta, kuomba konsesheni ya kawaida, yaani haki ya kuitumia ardhi ya Serikali, ambayo hufika miaka 25 na hurudiwa. Itachukua muda na pesa. Kama kuna akiba yoyote nyumbani, ningeiweka hapa kabla ya mizinga.

Na kwa sababu tuko Katanga, pita pia kwenye kadasta ya madini, CAMI. Uliza kama juu ya hekta hizo kuna kibali cha kutafuta au kuchimba madini. Kilicho chini ya ardhi ni cha Serikali, na kibali kinaweza kutolewa bila wewe kusikia. Kikiwepo, haimaanishi unafukuzwa kesho. Sheria inamtaka mwenye kibali amlipe fidia mtu anayeitumia ardhi kihalali, na hapo tena karatasi yako ndiyo itakayosema. Lakini ni afadhali ujue leo kuliko kujua greda likishafika.

Kuna njia nyingine ambayo ningeizungumza na shefu. Dekreti ya Agosti 2014 inaruhusu kijiji kuomba konsesheni ya msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Wachoma makala waliokuvamia wewe wanavamia na wenzako. Kijiji kikiwa na msitu wake wenye mipaka na kamati, moto mnaupiga pamoja na ulinzi mnagawana. Na pesa inafunguka, kwa sababu ruzuku nyingi hazimpi mtu mmoja, zinapa kundi.

Hapo ndipo mabilioni unayoyasikia redioni. Mwezi Desemba 2022, kule Montreal, mataifa yalikubaliana kufikisha dola bilioni 200 kwa mwaka kwa ajili ya viumbe na misitu ifikapo 2030. Pesa hiyo, hata inapotoka, inashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inataka kiasi kikubwa na makaratasi mengi. Mfano ni TerraFund, mfuko unaokopesha na kutoa ruzuku kwa biashara na vikundi vinavyorudisha ardhi Afrika. Unaanzia dola 50,000 na kwenda hadi 500,000, na eneo lake linalogusa Kongo ni bonde la Ziwa Kivu na Rusizi, kwa ndugu zetu wa Bukavu. Wewe mwenye hekta 40 za Kasenga hauko kwenye ramani yao, na dola 8,000 ni ndogo mno kwao. Mlango wenye kimo chako ni mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Ule unapa vikundi vya wananchi, na umezoea maombi ya chini ya dola 50,000. Hakuna marejesho, hakuna riba. Pesa ya kulimia kanda za moto, mlinzi na kitalu itafutwe kule, kwa jina la kikundi.

Kikundi kinaanzaje? Nchi yetu iko katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na kwa sheria zake watu watano tu wanaweza kuunda ushirika mdogo. Wewe, bwana wako, shemeji, na wafuga nyuki wawili wa kijijini, mmetimia. Mkiandikishwa na kuwa na namba ya biashara, mnaweza pia kubisha hodi FOGEC, mfuko wa dhamana ulioundwa 2020 ili mjasiriamali mdogo asilazimike kuweka nyumba. Mfuko wa viwanda, FPI, uache kwanza. Utakufaa siku mtakapotaka mashine za kuchuja na kufunga asali kwa tani.

Kama kijiji chenu kiko jirani na mgodi, msisahau sheria ya madini ilivyorekebishwa 2018. Kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji, na asilimia 15 ya mrabaha, yaani ada ya madini ambayo kampuni inalipa, inakwenda kwa serikali ya mahali, sekta au shefa. Mara nyingi watu huomba madarasa na visima, na ni haki yao. Msitu wa jamii nao unaweza kuingia kwenye orodha, hasa pale ambapo mgodi wenyewe umekula miti. Shefu ndiye anayekaa kwenye meza hizo. Mpelekee wazo likiwa limeandikwa.

Mizinga sasa, maana hii haina haja ya kungoja mtu. Usinunue 100. Ongeza kumi, kumi na tano, kwa akiba yako na zamu yako ya likelemba (upatu), kama unacheza na wenzako. Kama huchezi, sokoni hapo Katuba hutakosa kundi la mama waaminifu. Mama mwenye duka mwombe alipie nusu ya asali ya msimu ujao mapema, kwa bei mliyoandikiana. Akikubali, umepata mkopo usio na riba kutoka kwa mtu anayeitaka asali yako. Akikataa, umejua pia kwamba soko lake si kubwa kama alivyosema, na umejua kabla hujatengeneza mizinga 100. Nta hukuitaja katika barua yako. Kama unaitupa, acha. Iyeyushe, ichuje, ihifadhi: watengeneza mishumaa, sabuni na mafuta ya mwili wanaihitaji. Pikipiki kodi siku za mavuno tu. Kilo 180 hazihitaji pikipiki yake.

Shemeji yako. Ana kosa kubwa kuhusu miti ya mtoni, kwa sababu ndiyo inayolisha nyuki na kuushika ukingo usiporomoke. Ukiikata umeuza duka ili ununue bidhaa. Lakini ana haki anaposema msitu unaweza kutoa makala. Jiji zima linapika kwa mbabula, umeme unakatika, na makala yatatoka mahali fulani. Yanaweza kutoka kwenu bila kuumaliza msitu. Hekta zenu za visiki zikishakua, gaweni vipande, mkate kimoja kila mwaka, mkiviacha visiki hai, mrudi kwenye cha kwanza baada ya miaka kama ishirini. Kibali cha kukata kuni na kuchoma makala kiombwe kwa utawala wa mazingira wa jimbo, gunia lenu lipite vizuizini likiwa na karatasi. Mpe shemeji kazi hiyo, yeye awe msimamizi wa vipande na wa kanda za moto. Mtu aliyetengewa mapato ya miti inayokua atailinda, hata dhidi ya wachoma makala ambao pengine anawajua kwa majina. Liandikeni hilo pia kwenye kikao cha ukoo.

Kuhusu nyumba ya mikopo, rudi kwa adabu uwaambie huhitaji 8,000. Siku utakapokuwa na mavuno mawili yaliyoandikwa daftarini, kilo na bei, unaweza kuwaomba dola mia chache za ndoo, chupa na vichujio miezi miwili kabla ya mavuno, ukalipa asali ikiuzwa. Hapo dhamana iwe vifaa hivyo vyenyewe au wenzako wa kikundi. Wakiitaja Katuba tena, toka.

Mizinga mipya itundikwe Agosti, kabla muputu haujafungua maua. Bwana wako akiwa nyumbani akingoja mkataba, huo ndio wakati wa kikao cha ukoo na safari ya kwa shefu, maana sahihi yake inatakiwa mahali pote. Mkishapata jibu la CAMI, niandikie walichokwambia, tutazame ombi la kikundi pamoja.